Masurufu ya Nyantakara

Katika bajeti ya utafiti, Nyantakara ni mstari mmoja. Safari ya uwandani, Kagera: siku kumi na nne, wadodosaji sita, dereva mmoja, gari moja. Mwisho wa mstari kuna tarakimu, chini yake kuna jumla. Mfadhili aliyeko Stockholm au Seattle huusoma kwa nukta chache akashuka kwenye mstari unaofuata. Afisa wa ruzuku aliyeko chuoni, awe Dar es Salaam, Morogoro au Mwanza, hana raha hiyo. Anajua kwamba siku moja mstari huo utafumuka: utakuwa mafuta yaliyojazwa Nyakanazi, vyumba vya gesti Biharamulo mjini, bodaboda ya kumfuata mwenyekiti wa kitongoji, vocha za simu, vipande vya sabuni vya kushukuru kaya, na karatasi yenye alama ya dole gumba la mama aliyeketi saa mbili nzima akijibu maswali ya wageni. Na kila kimoja kati ya hivyo lazima kirudi ofisini na ushahidi wake.

Nimeichagua Nyantakara kwa kuwa ni mbali. Ni kata ya Biharamulo, huko kusini mwa Kagera ambako wilaya hiyo inapakana na Ngara, zaidi ya kilomita elfu moja kutoka Dar es Salaam kwa barabara. Ofisi ya ruzuku haipimwi kwa semina inayofanyika hotelini Masaki, ambako kila chai ina risiti na kila mshiriki ana akaunti ya benki. Inapimwa huko ambako lami imekwisha.

Kazi hii haina sifa. Profesa akipata ruzuku, chuo hutoa taarifa na picha hupigwa. Matokeo yakichapishwa, majina ya watafiti hupangwa kwa mpangilio ambao wakati mwingine umegombewa miezi. Jina la aliyekesha akisahihisha mchanganuo wa bajeti halimo, au limo mwishoni kabisa kwenye shukrani, baada ya madereva. Hata hivyo huu ni ufundi kamili, wenye jicho lake na miiko yake. Ukiutazama kwa karibu utaona kiini chake: ahadi iliyoandikwa kwa Kiingereza cha mikataba ifike kijijini ikiwa ni ileile, na kilichotokea kijijini kirudi kwa mfadhili bila kugeuzwa uongo njiani. Hilo la pili ndilo gumu zaidi.

Chukua risiti. Kanuni za serikali ya Marekani kuhusu fedha za ruzuku zinataka kila gharama iwe ya busara, iwe inahusu mradi huo na si mwingine, na iwe na nyaraka za kutosha. Kanuni za hapa nyumbani zinataka risiti ya mashine ya EFD. Lakini mwendesha bodaboda anayempeleka mdodosaji kwenye kitongoji cha mwisho hana mashine hiyo, na mama aliyewapikia ugali na maharage timu nzima hajawahi kuigusa. Afisa mchanga, aliyetoka kusoma mwongozo jana, atasema kwa ukali kwamba pasipo risiti hakuna malipo. Matokeo yake yanajulikana na kila aliyewahi kufanya kazi uwandani: kijana mwaminifu aliyelipa elfu tano halali kwa bodaboda ataingia duka la vifaa vya ofisi, atanunua kitabu cha risiti, na usiku gesti ataandika risiti ishirini kwa mwandiko mmoja. Fedha ilitumika kweli, ila ushahidi umekuwa wa uongo. Mkaguzi akija ataona uongo, na atakuwa na haki ya kutilia shaka hata kile kilichokuwa kweli.

Afisa aliyekomaa hulijua hilo mapema, akalitibu kabla gari halijatoka getini. Hutengeneza fomu ya malipo yasiyo na risiti: tarehe, huduma, kutoka wapi hadi wapi, kiasi, jina na simu ya aliyelipwa, saini au dole gumba, jina la shahidi. Huweka kikomo cha kiasi kinachoweza kulipwa kwa njia hiyo kwa siku. Hupitisha utaratibu huo kwa maandishi ndani ya chuo, na ikiwezekana huutaja kwenye maelezo ya bajeti yanayokwenda kwa mfadhili. Halafu huwaita wadodosaji na kuwafundisha kuijaza kabla hawajaona noti hata moja. Hapo ameupa ukweli wa kijijini njia halali ya kuingia kwenye jalada. Kwangu mimi hilo ni tendo la maadili kuliko hotuba nyingi za kupinga ufisadi, ingawa linaonekana kama karatasi tu yenye visanduku.

Masurufu yakirejeshwa, ndipo jicho linapofanya kazi. Mtu mwingine huona bahasha nene ya karatasi zilizokunjamana; yeye huona safari nzima. Lita za mafuta zinalingana na ukubwa wa tangi la gari hilo? Kilomita kwenye daftari la safari la dereva zinakaribiana na umbali halisi, ukiongeza mizunguko ya vitongojini? Risiti ya Kahama ya saa nne asubuhi inawezekanaje, wakati fomu za ridhaa zinaonyesha mdodosaji huyohuyo alikuwa Biharamulo saa nne na nusu? Kwa nini risiti za gesti mbili tofauti zina namba zinazofuatana? Na madole gumba kumi na mawili kwenye karatasi moja, mbona yote yana kovu lilelile? Swali la mwisho ni la kuchekesha mpaka likukute.

Lakini jicho zuri halitafuti wezi tu. Linaweza kugundua kwamba mdodosaji mmoja hakudai posho ya siku mbili alizolala kijijini kwa sababu hakujua ni haki yake, au kwamba dereva amekuwa akilipia pancha kwa fedha yake mwenyewe. Wasimamizi wanaosifiwa na watu wa uwandani ni wale wanaowapigia simu kusema, “Ndugu yangu, hapa umejipunja.” Simu ya namna hiyo ikipigwa mara moja, taarifa za safari zijazo zinakuja safi zaidi.

Kuna fundo jingine kwenye karatasi hiyo ya madole gumba. Mkaguzi anataka majina ya waliolipwa nauli au kifuta jasho cha muda wao. Kamati ya maadili imeahidi kwamba hakuna atakayejua nani alishiriki. Kama utafiti unahusu virusi vya ukimwi, orodha ya malipo yenye majina na sahihi ni orodha ya siri za watu, na ikiingia kwenye hati ya malipo itapita kwa mhasibu, mhasibu mwandamizi, mkaguzi wa ndani, masijala, na pengine kwenye meza ya mtu aliyezaliwa kijiji hichohicho. Tangu kutungwa kwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, jambo hili lina uzito wa kisheria pia. Fundi wa ruzuku hulifungua fundo kwa kutenganisha: hati ya malipo hubeba namba za washiriki na kiasi, ufunguo unaounganisha namba na majina hukaa kwenye kabati la mtafiti mkuu, na mkaguzi huruhusiwa kulinganisha sampuli chache akiwa ndani ya chumba hicho, bila nakala. Inabidi aliandike hilo kwenye itifaki ya utafiti kabla ya kamati kukaa. Akilikumbuka baada ya safari amechelewa.

Kabla ya yote hayo kuna vibali. Utafiti wa afya unahitaji idhini ya kimaadili, na kwa ngazi ya taifa hiyo hutolewa kupitia NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1979. Kuna Tume ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1986, ambayo hutoa vibali vya utafiti. Sampuli za damu zikitakiwa kusafirishwa nje ya nchi, kuna mkataba wake wa peke yake. Kisha barua zinaanza kushuka: kwa Katibu Tawala wa Mkoa Bukoba, kwa wilaya, kwa Mkurugenzi wa Halmashauri, kwa mtendaji wa kata, kwa mtendaji wa kijiji, mpaka kwa mwenyekiti wa kitongoji, ambaye barua humfikia ikiwa na mihuri mitano na kuombwa na yeye aongeze wake.

Wageni huona urasimu. Mimi naona kwamba ngazi hizo, kwa uchovu wake wote, humpa mkulima wa Nyantakara jambo moja la maana: akikutana na mtu asiyemjua anayemuuliza amezika watoto wangapi, anaweza kumuuliza mwenyekiti wake kama mtu huyo anajulikana. Afisa mzuri wa ruzuku huzihesabu ngazi hizo kwa wiki, si kwa siku, na huziweka kwenye ratiba ya mradi. Ruzuku ya miezi ishirini na nne ambayo ratiba yake inaonyesha ukusanyaji wa takwimu ukianza mwezi wa pili imeandikwa na mtu asiyewahi kusubiri muhuri.

Hapo ndipo uandishi wa maombi unapoonyesha nani ni fundi. Watu hudhani maombi ya ruzuku ni wazo la mwanasayansi. Wazo ni lake, ndiyo, ila wazo hilo linaweza kukataliwa kabla halijasomwa kwa kuwa usajili wa chuo umepitwa na muda. Anayetaka kuomba fedha za shirikisho la Marekani moja kwa moja lazima chuo chake kiwe kimesajiliwa kwenye mfumo uitwao SAM, usajili huo uhuishwe kila mwaka, na kuanzia Aprili 2022 namba ya utambulisho iliyokuwa ikitumika miaka mingi ilibadilishwa na nyingine. Jina la chuo kwenye mfumo lazima lifanane herufi kwa herufi na lililo kwenye nyaraka nyingine. “Muhimbili University of Health & Allied Sciences” na “Muhimbili University of Health and Allied Sciences” kwa binadamu ni kitu kimoja; kwa kompyuta iliyoko ng'ambo vinaweza kuwa viwili. Kuna mtu ofisini ambaye kazi yake ni kukumbuka jambo hilo mwezi mmoja kabla, na siku anapolisahau ndiyo siku jina lake linajulikana chuo kizima.

Mazungumzo ya wiki ya mwisho kabla ya kutuma maombi yanafanana kila mahali. “Profesa, umeweka gari jipya, lakini tangazo linasema vifaa visizidi asilimia kumi.” “Basi liandike kwenye usafiri.” “Siwezi, Profesa. Ila tukikodi gari kwa safari nne, na mradi wa malaria ukichangia ya tano, tunabaki na fedha ya mdodosaji mmoja zaidi.” Anayejua mpangilio wa nguvu ndani ya vyuo vyetu ataelewa ujasiri uliomo katika “siwezi” hiyo, ya mtu mwenye shahada moja mbele ya mwenye tatu. Ufundi ni kuisema kwa heshima na kuifuatanisha na njia nyingine. Anayekataa tu bila kuonyesha njia hukimbiwa, na watafiti humpelekea makaratasi dakika ya mwisho ili asipate muda wa kukataa.

Juu ya fedha zenyewe nitapita haraka, maana ni eneo linalopendwa na wahasibu na kuwachosha wengine wote. Bajeti huandikwa kwa dola, matumizi hufanyika kwa shilingi, na mwaka 2024 peke yake dola moja ilipanda hadi zaidi ya shilingi 2,700 kisha ikashuka karibu na 2,400 mwezi Desemba. Kwenye dola elfu ishirini za safari za uwandani, tofauti hiyo ni takriban shilingi milioni sita, yaani safari nzima imeyeyuka bila mtu kula hata senti. Mwaka wa fedha wa Tanzania huanza Julai, wa serikali ya Marekani Oktoba, na wafadhili wengi wa Ulaya huhesabu kuanzia Januari. Mvua za Kagera nazo zina kalenda yake. Fedha inayoingia Machi ni ya kutembelea barabara za tope. Mpangaji mzuri huiweka kwenye mafunzo na majaribio ya dodoso, akaisubiri Juni.

Mahali ninapokasirika ni kwenye gharama za uendeshaji. Taasisi ya Taifa ya Afya ya Marekani, NIH, ambayo imelipia sehemu kubwa ya utafiti wa tiba katika vyuo vya Afrika Mashariki, kwa miaka mingi imezipa taasisi za nje ya Marekani asilimia nane ya gharama za moja kwa moja kwa ajili ya kuendesha ofisi, wakati vyuo vikubwa vya Marekani kwenyewe vimekuwa na viwango vilivyopita asilimia hamsini. Mpango wa Horizon Europe wa Umoja wa Ulaya hulipa asilimia ishirini na tano. Februari 2025 serikali ya Marekani ilipotangaza kwamba vyuo vyake navyo vitapewa asilimia kumi na tano tu, vilikwenda mahakamani na utekelezaji ukasimamishwa. Vilieleza kwamba kwa kiwango hicho maabara zingefungwa. Sisi tumeishi kwa nane. Kwa dola laki moja, hiyo ni dola elfu nane za umeme, intaneti, ulinzi, ukaguzi, masijala, na mishahara ya watu wanaosoma risiti za bodaboda. Mfadhili anayelalamika kwamba chuo cha Afrika kina usimamizi dhaifu, huku akikataa kuulipia, analalamikia kivuli chake.

Pamoja na hayo, ufundi umekua. Watu wa kazi hii wana vyama vyao: Marekani kuna NCURA, kilichoanzishwa mwaka 1959, na Afrika Mashariki kuna EARIMA, ambako maofisa wa vyuo vya Tanzania, Kenya na Uganda hukutana na kupeana fomu na maonyo. Mwaka 2018 bara letu lilipata kiwango chake cha usimamizi bora wa fedha za ruzuku, ARS 1651, ili chuo kikaguliwe mara moja kwa kipimo cha Kiafrika badala ya kila mfadhili kuja na dodoso lake la kurasa mia. Wafadhili hawajaacha madodoso yao wote, lakini hatua ni hatua.

Kisha ikaja Januari 20, 2025. Siku hiyo Dodoma, Rais Samia Suluhu Hassan, Mkurugenzi Mkuu wa Shirika la Afya Duniani Dkt. Tedros Adhanom Ghebreyesus akiwa pembeni yake, alitangaza kwamba ugonjwa wa Marburg umethibitika Kagera, wilayani Biharamulo. Vipimo vilikuwa vimefanyika katika maabara ya Kabaile mkoani humo na kuthibitishwa Dar es Salaam. Siku hiyohiyo Washington, Rais Donald Trump aliapishwa, na miongoni mwa amri alizotia saini mojawapo ilisimamisha misaada ya nje ya maendeleo kwa siku tisini, nyingine ikaanza kuitoa nchi yake katika Shirika la Afya Duniani. Siku chache baadaye barua za kusimamisha kazi zilianza kuingia kwenye barua pepe za ofisi za ruzuku duniani kote. Mlipuko wa Biharamulo ulitangazwa kumalizika Machi 13. Watu kumi walikuwa wamefariki, wawili wakiwa wamethibitishwa na wanane wakihesabiwa kuwa na ugonjwa huo kwa uwezekano mkubwa.

Barua ya kusimamisha kazi ni mtihani ambao haufundishwi. Inasema simamisha matumizi yote leo. Lakini jokofu lenye sampuli za miaka mitatu halijui leo ni nini. Umeme ukikatwa, sampuli zimekufa. Mgonjwa aliyeanzishiwa dawa ya majaribio hawezi kuambiwa aache katikati. Wadodosaji wana mikataba inayotaka wapewe taarifa mapema kwa sheria za kazi za Tanzania, ambazo barua ya Washington haiwezi kuzifuta. Gari liko uwandani na tangi lake lina mafuta ya kwenda tu. Afisa anayejua kazi yake huanza kwa kuandika saa na dakika barua ilipopokelewa, kwa kuwa kila kilichotumika kabla ya dakika hiyo ni halali na kila kinachofuata kitahitaji maelezo. Huorodhesha kisichoweza kusimama na sababu zake, huandika kwa mfadhili kuomba ruhusa ya gharama za kufunga, huita watafiti wakuu wote kabla hawajasikia redioni, na hutafuta ndani ya chuo mfuko wa kulipia umeme wa jokofu mpaka majibu yaje. Maombi mengine hayakujibiwa. Mradi ambao daftari lake lilikuwa limefungwa hadi wiki iliyotangulia barua uliweza kudai fedha ulizokwisha tumia. Uliokuwa na masurufu ya miezi mitano yasiyorejeshwa ulikuwa na madai tu, pasipo ushahidi.

Kufunga mradi kwa kawaida, bila amri ya mtu, nako ni ufundi unaodharauliwa. Watafiti wameshahamia wazo jipya. Anayebaki nyuma ni yule anayeuliza pikipiki mbili za mradi zinakabidhiwa nani, bakaa inarudishwa au inaombewa muda, taarifa ya mwisho ya mkataba mdogo na hospitali ya wilaya imesainiwa au bado, na nyaraka zinakaa wapi. Kanuni za Marekani hutaka zitunzwe miaka mitatu baada ya taarifa ya mwisho ya fedha. Miaka mitatu ni ya mkaguzi. Mtunzaji mwenye busara hufikiri kwa muda mrefu zaidi, na mkoa huohuo wa Kagera una mfano unaoonyesha kwa nini.

Ukimwi ulitambuliwa Tanzania kwa mara ya kwanza mwaka 1983, mkoani Kagera. Mwaka 1991 Benki ya Dunia na Chuo cha Tiba Muhimbili walianza uchunguzi wa kujua kifo cha mtu mzima, baba au mama wa umri wa kufanya kazi, kinaiachia kaya hasara gani. Fedha zilitoka Benki ya Dunia yenyewe, shirika la misaada la Marekani na lile la Denmark, kila mmoja na kanuni zake. Kaya 915 katika wilaya za Kagera, Biharamulo na Ngara zikiwemo, zilihojiwa hadi mara nne kufikia Januari 1994. Halafu mradi ukafungwa, kama inavyofungwa yote.

Mwaka 2004, kwa ruzuku mpya iliyotoka Denmark na Benki ya Dunia, timu ya kampuni ya EDI iliyokuwa na makao yake Bukoba ilitoka na orodha za zamani mkononi kuwatafuta watu walewale. Watoto wa 1991 walikuwa wameoa, wameolewa, wamehamia Mwanza, Dar es Salaam, wengine Uganda. Kaya 915 zilikuwa zimezaa zaidi ya 2,700, na katika zaidi ya asilimia tisini ya kaya za mwanzo alipatikana angalau mtu mmoja. Mwaka 2010 wakarudi tena, safari hii Rockwool Foundation ya Denmark ikichangia, na idadi ikapita 3,300. Kutokana na takwimu za awamu ya 2004, wanauchumi Kathleen Beegle, Joachim De Weerdt na Stefan Dercon walionyesha mwaka 2011 jinsi waliohama walivyowaacha mbali kimaisha ndugu zao waliobaki, ingawa walitoka nyumba moja.

Hilo lisingewezekana kama mwaka 1994 mtu angesema mradi umeisha, choma karatasi. Orodha ya majina, ramani za vijiji, maelezo ya nyumba iko upande gani wa shule: hizo ni nyaraka ambazo kwa mhasibu wa kawaida hazina thamani baada ya ukaguzi. Kuna watu walizifunga vizuri, wakaziandika lebo, wakazihamisha kutoka kabati hadi kabati.

Tena kulikuwa na jambo ambalo hakuna bajeti iliyolitarajia. Miezi mitatu baada ya mahojiano ya mwisho, mwishoni mwa Aprili 1994, karibu Wanyarwanda 250,000 walivuka daraja la Rusumo na kuingia Ngara ndani ya takriban siku moja. Benaco, huko Ngara, ikawa mji wa mahema. Kwa kuwa hali ya kaya za Kagera kabla ya siku hiyo ilikuwa imeandikwa na kutunzwa, watafiti waliokuja baadaye waliweza kulinganisha kabla na baada: Javier Baez kuhusu afya ya watoto wa vijiji vilivyowapokea wakimbizi, na Jean-François Maystadt na Philip Verwimp kuhusu nani kati ya wenyeji alinufaika na nani alipoteza. Takwimu hizo leo zinapatikana bure kwa yeyote anayezihitaji, pamoja na madodoso yake na maelezo ya jinsi kila kaya ilivyochaguliwa. Wafadhili wa 1991 walilipia uchunguzi wa ukimwi. Gharama ya kujibu swali la wakimbizi haikuwa kwenye kifungu chochote cha bajeti yao.